Maabara Isiyovuja Barua

Jioni ya tarehe 17 Juni 2021, wateja wengi wa HBO Max, huduma ya filamu ya Marekani, walipokea barua pepe ambayo hawakuielewa. Kichwa chake kilitangaza kuwa hiyo ni barua namba moja ya jaribio la mifumo, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja tu, iliyoeleza kwamba kiolezo hicho hutumika kwa majaribio peke yake. Kampuni iliomba radhi, ikasema kosa lilifanywa na mtu aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi, na kwamba inamsaidia. Watu wa fani ya kompyuta kutoka nchi mbalimbali walijitokeza mtandaoni kumpa moyo, kila mmoja akisimulia kosa lake la siku za mwanzo kazini.

Walifanya vyema kumpa moyo. Hata hivyo tukio lile linabeba swali ambalo kila anayesimika seva ya barua pepe kwa ajili ya majaribio anapaswa kulijibu kabla hajafanya lolote: je, barua ya majaribio ina njia yoyote ya kumfikia mtu halisi? Kama njia ipo, siku moja itatumika. Mgeni kazini ataitumia, na mkongwe aliyechoka saa nane za usiku ataitumia vilevile. Wengi huanza kwa kusakinisha programu ya seva, kisha huhangaika na majina, na ukuta wa kuizuia barua isitoke nje huukumbuka mwishoni kabisa. Maabara inayoaminika hujengwa kwa kuupindua mpangilio huo: ukuta kwanza, majina pili, programu baadaye.

Barua pepe ina tabia inayoifanya iwe ngumu kujaribiwa kuliko tovuti. Tovuti inaweza kukaa kwenye kompyuta moja na kufunguliwa kwenye kompyuta hiyohiyo, na kinachoonekana hapo kinakaribia sana kile kitakachoonekana nje. Barua pepe ni mazungumzo ya seva mbili zisizofahamiana, na katikati yupo wa tatu anayezitambulisha, yaani DNS, mfumo wa majina ya vikoa. Itifaki ya mazungumzo hayo, SMTP, iliandikwa na Jonathan Postel na kuchapishwa Agosti 1982, wakati kompyuta za mtandao zilikuwa chache kiasi kwamba majina yao yote yalitunzwa katika faili moja. Mwaka 1986 Craig Partridge akaeleza matumizi ya rekodi ya DNS iitwayo MX, ambayo hujibu swali moja: barua za kikoa hiki zipelekwe kwenye kompyuta ipi? Anayesimika seva moja peke yake, akajiandikia barua na kuiona imefika, amejaribu sehemu ndogo kabisa ya safari. Barua ile haikuuliza njia kwa yeyote, wala haikupokelewa na mgeni.

Kwa hiyo maabara ndogo inayotosha ina kompyuta nne: seva ya majina, seva mbili za barua zenye vikoa viwili tofauti, na kompyuta ya nne inayoshika nafasi ya mgeni, mtu baki. Zote zinaweza kuwa kompyuta pepe ndani ya laptopu moja yenye RAM ya GB 8, kwa kutumia programu ya bure kama VirtualBox. Debian iliyosakinishwa bila madirisha wala michoro huridhika na MB 512 kwa kila moja.

Mafundi wa Afrika Mashariki wana historia ya kujifunza kwa njia hii. AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao barani Afrika, ilianza kuendesha warsha zake mwaka 2000. Nairobi ilizipokea mwaka 2006, Kigali 2010 na Dar es Salaam 2011. Katika darasa la huduma za mtandao, somo la barua pepe lilifundishwa kwa Exim, programu ambayo Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliianza mwaka 1995. Chumba cha darasa kiligeuzwa kuwa mtandao kamili: kila mshiriki alikuwa na kompyuta yake na jina lake, na kipimo cha kufaulu kilikuwa barua kutoka kwa jirani kuingia kwenye kisanduku chake. Wengi waliokuja kusimamia seva za vyuo na za kampuni za intaneti walikosea kwanza humo, mahali ambapo kosa halikumgharimu mteja yeyote.

VirtualBox humpa fundi namna kadhaa za kuunganisha kompyuta pepe na mtandao, na uchaguzi huo ndio jiwe la kwanza la ukuta. Namna ya NAT huiacha kompyuta pepe itoke nje kupitia laptopu. Namna ya daraja huiweka moja kwa moja kwenye mtandao wa ofisi, ambako ruta na printa zitaiona kama mwenzao. Ipo namna ya tatu, ya mtandao wa ndani, inayoziunganisha kompyuta pepe zenyewe kwa zenyewe tu. Hata laptopu inayozibeba haimo. Hiyo ya tatu ndiyo ya maabara. Kwa kuwa programu lazima zipakuliwe kutoka mahali fulani, fundi huanza na NAT, akasakinisha kila atakachohitaji, kisha akahamishia kadi zote kwenye mtandao wa ndani na kuzipa anwani za faragha, tuseme 10.20.0.2 kwa seva ya majina, 10.20.0.10 na 10.20.0.20 kwa seva za barua. Akishafika hapo, huhifadhi nakala ya hali ya kila kompyuta, ili akiharibu arudi dakika ileile.

Majina yanaonekana jambo dogo, na ndiyo maana yamewaponza wengi. Fundi mwenye haraka hukiita kikoa chake test.com, bila kujua kwamba test.com ni kikoa halisi chenye mwenyewe. Mwingine huchagua .local, kumbe kiambishi hicho kimetengwa kwa ajili ya vifaa vinavyotafutana vyenyewe kwenye mtandao wa karibu, na matokeo yake majina huitikia kwenye kompyuta moja na kugoma kwenye nyingine. Waandishi wa programu waliopenda .dev walipata somo lao mwaka 2017: kiambishi hicho kilikuwa kimeshakuwa mali ya Google, na kivinjari cha Chrome kilianza kudai mawasiliano yaliyosimbwa kwa kila jina lililoishia hivyo. Mitambo yao ya majaribio ilizimika machoni pao, na msimbo wao haukuwa na kosa lolote.

Herufi moja katika jina inaweza kuvuka mpaka wa nchi. Julai 2023 gazeti la Financial Times liliripoti habari ya barua za jeshi la Marekani, ambalo anwani zake huishia .mil, zilizokuwa zikiangukia Mali, ambayo kikoa chake ni .ml. Mholanzi aliyekuwa akisimamia kikoa hicho alikusanya barua zipatazo 117,000 zilizopotea njia tangu Januari ya mwaka huo, zikiwemo taarifa za matibabu na ratiba za safari za maofisa. Hakuna mtambo ulioharibika. DNS ilifanya kazi yake sawasawa: ilipeleka barua kule ilikoandikwa.

Dawa ya hayo ilipatikana mapema. Hati ya mwaka 1999, RFC 2606, ilitenga viambishi vinne ambavyo havitauzwa kwa yeyote: .test, .example, .invalid na .localhost. Maabara inayozungumziwa hapa itatumia karafuu.test na mkonge.test, ambako Asha ana kisanduku upande mmoja na Juma upande wa pili. Hata siku ukuta ukibomoka, barua ya asha@karafuu.test haina pa kwenda duniani.

Sasa seva ya majina inaweza kuandikwa. Kwa kila kikoa huhitajika rekodi tatu: MX inayosema barua za karafuu.test ziende barua.karafuu.test, rekodi ya A inayolipa jina hilo anwani 10.20.0.10, na rekodi ya PTR inayofanya kinyume, yaani kuigeuza anwani kuwa jina. Wanaotumia BIND, programu ya seva ya majina, hukutana mapema na nukta ya mwisho. Jina likiandikwa bila nukta mwishoni, BIND hulichukulia kuwa halijakamilika na kulibandika kikoa tena, na barua hutafuta kompyuta iitwayo barua.karafuu.test.karafuu.test. Wanaotumia Unbound nao wana lao: programu hiyo imeandikwa itambue kwamba .test si jina la duniani, kwa hiyo hujibu papo hapo kuwa halipo, mpaka iambiwe waziwazi iache kinga hiyo. Fundi asiyelijua hilo anaweza kupoteza siku nzima akikagua seva ya barua isiyo na kosa lolote. Majibu ya amri ya dig inayoulizia MX ya vikoa vyote viwili, kutoka kwenye kila kompyuta, ndiyo ruhusa ya kuendelea. Kabla ya majibu hayo kuwa sahihi hakuna sababu ya kusakinisha kitu kingine.

Programu ya seva yenyewe, katika maabara hii, ni Postfix. Iliandikwa na Wietse Venema, mwanasayansi Mholanzi aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha IBM Marekani, na kutolewa kwa umma Desemba 1998. Venema aliivunja kazi ya seva ya barua kuwa programu ndogondogo, kila moja na jukumu lake na mamlaka machache iwezekanavyo, ili kasoro ya moja isiiangushe kompyuta nzima. Kwa upande wa kusoma barua hutumika Dovecot, ya Timo Sirainen wa Finland, iliyoanza mwaka 2002. Postfix ina mamia ya vigezo, lakini maabara hugusa vichache: myhostname, ambalo ni jina la kompyuta, mydestination, orodha ya vikoa ambavyo seva hii inavipokea kama vyake, na mynetworks, orodha ya anwani zinazoaminiwa kutuma nje kupitia seva. Mydestination ikisahaulika, seva ya karafuu.test huiuliza DNS barua za karafuu.test ziende wapi, hujibiwa kuwa ziende kwake mwenyewe, na Postfix huirudisha barua ikilalamika kuwa inajizungukia. Ujumbe huo kwenye logi unatisha mara ya kwanza, na tiba yake ni neno moja kwenye mstari mmoja.

Kinachofuata ni sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote, nayo haihitaji programu yoyote ya barua. SMTP ni maandishi matupu. Kutoka kwenye kompyuta ya mgeni, fundi hufungua mawasiliano na poti 25 ya barua.karafuu.test kwa telnet, na seva hujitambulisha kwa namba 220. Mgeni hupiga hodi kwa neno EHLO akitaja anakotoka. Seva humkaribisha kwa 250. Kisha mgeni hutaja mtumaji kwa MAIL FROM na mpokeaji kwa RCPT TO, kila mara akingoja 250. Akisema DATA hujibiwa 354, maana yake aandike barua yake, na akimaliza aweke nukta peke yake kwenye mstari. Baada ya nukta hiyo huja 250 yenye uzito kuliko zilizotangulia, kwa sababu kwa jibu hilo seva imepokea dhamana: kuanzia hapo itifaki inaitaka iifikishe barua, au imjulishe mtumaji kwamba imeshindwa. Namba inayoanza na 4 ingekuwa na maana ya kujaribu tena baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja.

Aliyefanya zoezi hilo kwa mkono wake huona jambo ambalo miaka mingi ya kutumia barua pepe haimwonyeshi. Anwani aliyoitaja kwenye MAIL FROM, na ile aliyoiandika kwenye mstari wa From ndani ya barua, si lazima zifanane. Ya kwanza iko juu ya bahasha, nayo husomwa na seva. Ya pili iko kwenye karatasi iliyo ndani, nayo ndiyo Asha anayoiona kwenye skrini yake. Nakala ya siri inawezekana kwa sababu hiyohiyo: jina la mpokeaji wa siri limo kwenye bahasha, kwenye karatasi halimo. Utapeli wa ankara bandia, ule wa barua inayoonekana kutoka kwa mkurugenzi ikimtaka mhasibu alipe haraka, mara nyingi husimama juu ya pengo hilo. Hakuna maelezo ya darasani yanayoweza kumwingia mhasibu au bosi wake kama kuketi mbele ya maabara na kuona, kwa mistari sita ya maandishi, barua ya mkurugenzi ikiandikwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo SPF, DKIM na DMARC zinapopata maana. SPF hukagua bahasha: je, kikoa cha mtumaji kimeiruhusu anwani hii ya mtandao kutuma kwa niaba yake? DKIM hutia saini kwenye barua yenyewe kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi huwekwa kwenye DNS ili yeyote aithibitishe. DMARC, iliyochapishwa Machi 2015, huyafunga yote mawili kwenye mstari wa From anaouona msomaji. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail wawe na zote tatu, na Yahoo ina masharti yanayofanana. Katika maabara kila moja inaweza kuvunjwa kwa makusudi: badili neno moja la barua baada ya saini, na uthibitisho wa DKIM huanguka, tuma kutoka kwenye kompyuta ya mgeni, na SPF ya mkonge.test humkana. Kosa moja la kawaida hapa linatoka tena kwenye DNS. Kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT hakizidi herufi 255, na ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko hapo, kwa hiyo lazima ukatwe vipande. Asiyeukata hubaki na saini sahihi isiyoweza kuthibitishwa na yeyote.

Ni wakati wa kurudi kwenye ukuta, maana ule wa mwanzo hautoshi.

Seva ya barua ina kumbukumbu. Ikishindwa kuifikia seva ya upande wa pili, haikati tamaa. Huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena, na kwa mipangilio ya kawaida ya Postfix huendelea hivyo kwa siku tano. Sasa achukuliwe fundi aliyejaribu mfumo wake Jumatatu kwa orodha yenye anwani za kweli, akiamini kwamba mtandao wa ndani unamlinda. Barua hazikutoka, na yeye akaridhika. Jumatano akairudisha kadi ya mtandao kwenye NAT kwa dakika kumi ili apakue programu iliyokosekana. Kompyuta ikapata njia ya kutoka, ikapata na seva ya majina ya dunia, na Postfix, kwa uaminifu wake wote, ikaanza kuitoa foleni ya Jumatatu. Fundi huyo hakutuma chochote siku ile. Alifungua mlango tu.

Kwa sababu hiyo ukuta wa kweli hujengwa ndani ya Postfix pia. Kigezo cha default_transport huelekezwa kwenye error, na kwenye orodha ya transport ya kila seva hutajwa kikoa cha seva ya pili tu kuwa ndicho chenye ruhusa ya kupita kwa SMTP. Barua ya kikoa chochote kilicho nje ya maabara hurudishwa papo hapo kwa mtumaji wake ndani ya maabara, na hakuna kinachobaki kwenye foleni kikisubiri mlango ufunguliwe. Juu ya hapo ngome ya mtandao huzuia poti 25, 465 na 587 zisitoke. Kisha ukuta hujaribiwa kama kitu kingine chochote: tuma barua kwenda anwani ya example.org, uone ikirudi, na uhakikishe kwa amri ya postqueue kwamba foleni ni tupu.

Orodha yenye anwani za kweli, hata hivyo, haikustahili kuwepo pale tangu mwanzo. Kuchukua nakala ya hifadhidata ya wateja na kuipeleka maabara ni njia rahisi ya kupata data inayofanana na ya kazini, na ni mazoea mabaya. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Rwanda tangu 2021, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Mteja aliyetoa anwani yake ili apate risiti hakuitoa ichezewe na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kama data ya kazini haina budi kutumika, anwani zote zibadilishwe kuwa za .test kabla hazijavuka kwenda maabara.

Kuna jaribio ambalo maabara nyingi hudhani zimelifanya kumbe hazijalifanya. Seva iliyo wazi, inayopitisha barua za mtu yeyote kwenda popote, ilikuwa hali ya kawaida ya intaneti mpaka katikati ya miaka ya 1990. Wasambazaji wa barua taka wakaigeuza shamba lao, na kuanzia toleo la 8.9 la mwaka 1998 programu maarufu ya Sendmail ikaanza kukataa kupitisha barua za wageni isipoambiwa vinginevyo. Fundi wa leo anataka kuthibitisha kuwa seva yake haipitishi za wageni. Lakini kama aliandika 10.0.0.0/8 kwenye mynetworks ili mambo yaende haraka, basi kila kompyuta ya maabara ni mwenyeji, hata ile ya mgeni, na jaribio halimwambii lolote. Kompyuta ya nne lazima iwe nje ya orodha hiyo. Ikijaribu kutuma kwa Juma kupitia seva ya Asha, jibu linalotakiwa ni kukataliwa, kwa namba ya 4 au ya 5 kutegemea mipangilio, kabla hata ya kufika DATA.

Maabara pia ina kasoro ya asili: kila kitu kiko karibu mno. Trey Harris, aliyekuwa akisimamia mifumo ya kompyuta katika chuo kikuu cha North Carolina miaka ya 1990, amesimulia jinsi mkuu wa idara ya takwimu alivyomletea malalamiko kwamba idara yake haiwezi kutuma barua pepe zaidi ya maili 500 hivi. Harris hakuamini, akapima, akakuta ni kweli. Mtaalamu aliyeihuisha seva alikuwa, bila kujua, ameirudisha Sendmail kwenye toleo la 5, huku faili la mipangilio likibaki la toleo la 8. Toleo la zamani halikuvielewa vigezo vipya, likaviruka, na muda wa kungoja seva ya mbali uitikie ukawa sifuri. Kwa mashine ile sifuri ilikuwa na maana ya milisekunde tatu na ushee, na kwa muda huo mwanga husafiri kilomita kama 900. Maabara yenye kompyuta zilizokaa ndani ya laptopu moja isingeligundua kosa hilo kamwe.

Ndiyo sababu Linux ina netem, sehemu ya kiini chake inayoweza kuchelewesha na kupoteza pakiti kwa kipimo anachotaka fundi. Hapa Afrika Mashariki kipimo hicho kina historia. Kabla ya mkonga wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya ukanda huu na dunia ilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na swali na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde kwa safari ya mawimbi peke yake. Fundi akiweka ucheleweshaji wa milisekunde 600 kati ya karafuu.test na mkonge.test, mazungumzo ya SMTP hubadilika mbele ya macho yake. Kila neno hungoja jibu, na kuanzia kufungua mawasiliano mpaka 250 ya mwisho ni mizunguko saba, zaidi ya sekunde nne kwa barua moja ndogo. Hapo ataelewa kwa nini itifaki iliongezewa njia ya kutuma MAIL FROM, RCPT TO na DATA kwa pamoja bila kungoja kila moja ijibiwe, na kwa nini vigezo vya muda wa kungoja havipaswi kupunguzwa ovyo. Kijiji kinachotegemea setilaiti bado kipo, na meli ziko baharini.

Mengine ni mepesi. Kichujio cha barua taka hujaribiwa kwa GTUBE, mstari wa herufi ambao SpamAssassin huutambua kuwa taka kwa makubaliano. Kinga ya virusi hujaribiwa kwa faili la EICAR, herufi 68 zisizo na madhara yoyote. Postfix huja na smtp-source na smtp-sink, moja ya kumwaga barua kwa maelfu na nyingine ya kuzimeza, kwa anayetaka kujua seva itahimili mzigo gani. Vyeti vya usimbaji haviwezi kupatikana kutoka Let's Encrypt, mamlaka ya vyeti ya umma, kwa jina la .test, hivyo maabara hujitengenezea mamlaka yake ya vyeti. Na hapo saa huwa na la kusema, kwani kompyuta iliyorudishwa kwenye nakala ya wiki iliyopita inaweza kuamka na tarehe ya wiki iliyopita na kukikataa cheti cha jana kwa kuwa hakijaanza kutumika.

Kinachobaki ni kutoka maabara bila kubeba milango yake. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe na kuenea kwenye kompyuta zilizokadiriwa kufika 6,000. Moja ya njia ilizopitia ilikuwa amri ya DEBUG ya Sendmail, iliyowekwa kwa ajili ya majaribio na kuachwa imewashwa kwenye seva zilizokuwa zikifanya kazi ya kweli. Postfix nayo ina vigezo vya majaribio, kama soft_bounce, inayogeuza kila kukataliwa kuwa kujaribu tena baadaye; kwenye maabara huokoa barua, kazini huziacha zikirandaranda kwenye foleni. Kwa hiyo seva ya kazini isiwe nakala ya ile ya maabara. Isakinishwe upya, ifuatwe orodha ya mipangilio iliyothibitika, ipewe funguo mpya za DKIM, na nenosiri la Asha libaki kule lilikozaliwa.

Sifa ya anwani ya mtandao ndiyo kitu pekee ambacho maabara haiwezi kukitengeneza. Gmail na wenzake huitazama kwa mashaka anwani ambayo hawajawahi kuiona ikituma barua, na huikataa ile isiyo na PTR. Rekodi hiyo, ambayo katika maabara iliandikwa kwa sekunde chache, kazini iko mikononi mwa kampuni inayotoa huduma ya intaneti, na ombi lake hupitia dawati la wateja, la mauzo na la mafundi kabla halijaandikwa. Baadhi ya kampuni hufunga poti 25 kwa wateja wote mpaka waombe ifunguliwe. Maombi yote mawili yapelekwe siku ileile kompyuta pepe ya kwanza inapowashwa, ili wakati Juma anapopokea barua yake ya mwisho ya majaribio, jibu liwe limeshafika.